Marehemu Amebadilisha Neno la Siri

Maandishi yalibaki palepale kwenye kioo, wala hayakuwa na haraka ya kuondoka: neno hili la siri ni la zamani, limebadilishwa hivi karibuni.

Violet aliyasoma tena. Kompyuta ilikuwa ya mumewe, Abdiel. Neno la siri alilichagua Abdiel mwenyewe. Na Abdiel alikuwa amelala Machame, kwenye migomba ya baba yake, tangu mvua za masika.

"Nisomee kwa sauti, Mama Godi," alisema Kauthar, jirani yake, mwenye duka la steshenari kule Sokon One. "Labda macho yangu yananidanganya."

"Limebadilishwa hivi karibuni."

"Hivi karibuni lini? Huyu mtu si tumemzika?"

"Tumemzika."

"Basi kuna mtu anatembea na jina lake."

Kama ndiyo kwanza unaifungua hadithi hii, msomaji, jua jambo moja tu. Abdiel alikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya. Kabla hajafa alirekodi nyimbo mpya kwa sauti yake, chumbani mwake hapa Sekei, akaziacha ndani ya kompyuta hii. Jumapili ijayo nyimbo hizohizo zitazinduliwa kanisani Sakina, na kwenye mabango yote yaliyobandikwa barabara ya Nairobi imeandikwa: Mtunzi, Mwalimu Manase.

Jina la Abdiel halipo. Hata kwenye shukrani halipo.

Violet hakuwa na ushahidi mwingine. Uliokuwepo ulikuwa humo ndani ya kompyuta, na mlango umefungwa.

"Bonyeza hapo chini," Kauthar alisema. "Pale wanapouliza kama umesahau."

Violet alibonyeza. Intaneti ilikuwa inatoka kwenye simu yake, aliyoilaza kando ya kibodi. Mashine ilifikiri kidogo, kisha ikasema itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini inayoishia na sitini na nne.

Violet aliondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Hiyo laini ni ya Abdiel."

"Iko wapi?"

"Ilipotea na simu yake. Ilidondoka Machame siku ya maziko, kwenye vurugu za watu."

"Nani alisema ilidondoka?"

Mawazo ya Violet yalikuwa yamerudi msibani.

Mnajua tunavyofanya. Mtu akifa, simu yake haizimwi. Anakabidhiwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, apokee wanaopiga, awajulishe walio mbali, azijibu kwaya za mikoani zinazouliza kama ni kweli. Violet aliitoa simu ya mumewe kwa mikono miwili. Hata namba ya kuifungulia aliitaja mbele za watu, huku wanawake wakimfunga khanga kiunoni.

Na mwenyekiti wa kamati alikuwa nani? Yule rafiki wa miaka yote, aliyelia kuliko ndugu wa tumbo moja.

"Manase," alisema Violet. "Manase ndiye aliyesema ilidondoka."

Kauthar alitoa simu yake, akaipiga ile namba, akaweka sauti ya nje.

Iliita.

Laini ya mtu aliyezikwa iliita, ikaita, kisha ikapokelewa. Hakuna aliyesema haloo. Walisikia mtu anapumua, na nyuma yake wanawake wanaimba. Wimbo ukakatizwa, mtu akagonga meza na kufoka: "Soprano mnachelewa! Rudieni!" Wakaanza upya.

Violet aliujua wimbo ule. Abdiel aliutunga akiwa kitandani, hana nguvu ya kushika kalamu, akawa anamwimbia yeye ili amkumbushe kesho yake.

Aliinamia simu.

"Manase. Hiyo simu umeifukua?"

Laini ikakatika.

"Ya Rabi!" Kauthar alishika kifua. "Sasa anajua tumemjua."

"Ajue."

Chai yao ilikuwa haijapoa geti lilipogongwa.

Sakina na Sekei si mbali kwa mtu mwenye gari na hofu. Manase aliingia amebeba mkungu wa ndizi begani, sweta limefungwa mpaka kidevuni, uso umejaa tabasamu la mtu wa kanisani.

"Hodi, shemeji! Pole na baridi. Mwaka huu mlima Meru umetukasirikia kabisa."

"Karibu, shemeji. Baridi tumeizoea."

"Sikai. Nimepita tu kuchukua kile kimashine cha marehemu. Nina fundi mjini, atakisafisha virusi, mtoto akirudi shule apate cha kusomea."

"Ina virusi?"

"Si haifunguki?"

Kauthar alikohoa kutoka pembeni. "Nani amekwambia haifunguki, Mwalimu?"

Manase alimtazama kwa mara ya kwanza. "Kompyuta kuukuu zote huwa hazifunguki, mama. Wewe si yule muuza kalamu?"

"Kalamu nauza, na kopi natoa. Hata wezi wanakuja kutoa kopi dukani kwangu. Nawajua kabla hawajasema wanataka ngapi."

"Shemeji, huyu mama unamtoa wapi?"

"Kauthar, mwache shemeji yangu," Violet alisema, na sauti yake ikawa laini ghafla. Kauthar alimgeukia kwa mshangao. "Kompyuta ni yako, shemeji. Chukua. Ila wewe ni mtu wa Machame kama mimi. Kitu cha marehemu hakivuki kizingiti kabla ukoo haujakaa kugawa. Nguo zake zenyewe bado zimening'inia kabatini. Nikikupa leo, wazee wakiniuliza, nitawajibu nini?"

"Kompyuta si nguo, shemeji."

"Basi ngoja niwapigie niwaulize kama ni nguo. Niwaambie una haraka."

Tabasamu la Manase lilishuka upande mmoja. Kule Machame ni yeye aliyesimama na kuwakumbusha watu kila desturi, nani atupe udongo kwanza, nani asikae karibu na nani. Angeweza kubishana na mjane. Na wazee wale asingeweza.

"Hakuna haja ya kuwasumbua," alisema.

"Nilijua utaelewa."

Alipofika mlangoni aligeuka. Sauti ilikuwa imepungua, kama hataki muuza kalamu asikie.

"Violet. Achana na kitu kile. Humo ndani hakuna kitakachokufurahisha."

"Unanitisha nyumbani kwangu?"

"Nakuomba."

"Ungeomba kabla hujabandika jina lako mpaka kwenye nguzo za umeme. Mwenzako hajaoza, wewe umeshavaa nyimbo zake."

Hapo hata yeye alikasirika. "Nyimbo ziko midomoni mwa watu, shemeji, na watu wanasema ni zangu. Njoo Jumapili. Viti vya mbele tumewatengea wajane."

Geti likafungwa kwa kishindo. Mkungu wa ndizi aliuacha sebuleni. Violet aliuburuta mpaka kwa mbuzi wa jirani, akautupa wote.

Alirudi mezani akiwa na macho makavu.

"Endelea," alimwambia Kauthar.

Waliendelea. Namba ya uthibitisho ilikuwa mfukoni mwa Manase, kwa hiyo njia hiyo ilikufa. Wakajaribu nyingine, mashine ikaanza kumhoji Violet kama askari. Mwalimu wako wa kwanza? Wakakosa. Mtaa uliokulia? Wakakosa. Jina la mnyama wako wa kwanza wa nyumbani?

"Mnyama?" Kauthar alicheka bila kupenda. "Mmachame gani anampa mnyama jina? Si mnawala wote!"

Violet alikuwa karibu kucheka naye, ndipo simu iliyolala kando ya kibodi ikatetemeka. Ujumbe: bando lako limekwisha.

"Na wewe nawe!" Kauthar aliifokea ile simu. "Yaani leo ndiyo umechagua! Ngoja nikimbilie kibandani nikanunue vocha. Usiguse kitu."

Violet aligusa.

Si kwa matumaini. Alitaka tu kupiga kitu, na usoni kwa Manase hakufiki. Mashine ilikuwa imerudi kwenye ukurasa wa mwanzo, picha ndogo ya Abdiel juu, sanduku tupu chini yake. Lakini sasa kulikuwa na maneno ambayo hakuyaona tangu asubuhi: kifaa hakiko mtandaoni, tumia neno la siri la mwisho lililotumika kwenye kifaa hiki.

Violet aliandika lile neno la zamani, lile lililokataliwa mpaka vidole vikachoka. Akabonyeza.

Kioo kikageuka bluu. Kikazungusha kiduara. Kikasema, karibu, Abdiel.

"Kauthar!"

Kauthar alirudi kutoka getini, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Alisimama mbele ya kioo mdomo wazi, kisha akapiga kofi la furaha.

"Nimeelewa! Yule mwizi amebadilisha huko mtandaoni. Huko! Mashine yenyewe haina habari mpaka mtandao uje uiambie. Na sasa mtandao haupo. Mama Godi, kwa mashine hii, Abdiel hajafa na Manase hajaiba. Mtu asiweke bando humu ndani! Umenisikia? Hata ukiona ofa!"

Violet hakusikia. Alikuwa ameliona jalada lililoandikwa Nyimbo Mpya. Alilifungua, akachagua wimbo wa kwanza.

Spika zilikwaruza. Mtu akasafisha koo.

"Violet, funga mlango. Narekodi."

Ilikuwa sauti yake. Haikuwa sauti ya mgonjwa wa siku zile za mwisho. Ilikuwa ile ya kumwita jikoni, ya kuuliza soksi ziko wapi. Kisha ikaanza kuimba. Violet alivumilia ubeti mmoja, mkono ukaruka wenyewe ukazima.

Kauthar alivuta kiti, akaketi kando yake.

"Sikiliza wote," Kauthar alisema polepole. "Ni mrefu. Ujue una nini mkononi."

"Siwezi."

"Basi acha mimi nisikilize."

"Hapana. Ni yangu." Violet alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Sauti yake inatosha. Nani atasikia hiyo akasema ni ya Manase?"

Kauthar alichomeka flashi, wakahamisha.

"Mpelekee mchungaji wenu. Akae na Manase ofisini, wayamalize. Mimi si wa dini yenu, lakini najua mtu mzima huvuliwa nguo ndani ya chumba."

"Yeye alinivua chumbani?" Violet aliifumbata flashi kiganjani. "Simu ya mume wangu nilimpa mbele ya watu. Jina la mume wangu amelifuta mbele ya watu. Nitamlipa palepale anapopigiwa vigelegele, na mgeni rasmi ameshika maiki."

Jumapili mchana kanisa la Sakina lilijaa mpaka nje. Maturubai, maua ya plastiki, wapiga picha. Violet alikuja na nguo nyeusi, akapelekwa viti vya mbele kama alivyoahidiwa. Manase alimwinamia kwa mbali. Koti lake lilikuwa la kijani na lilimeta.

Wakati mchungaji anaomba na macho yote yamefumbwa, Violet aliinuka, akapita kando ya ukuta mpaka kwa Sumari, fundi wa mitambo.

"Mwalimu anasema wimbo wa kwanza upige huu."

Sumari alifumbua jicho moja. "Pole na msiba, mama. Alinipa mwingine asubuhi."

"Huu ndio wa asili."

Nani atamkatalia mjane wakati wa sala? Sumari alichomoa flashi moja, akachomeka nyingine.

Na kama hujawahi kwenda uzinduzi, nikuambie siri ambayo kila mtu anaijua. Siku hiyo kwaya haziimbi. Zinacheza na kuchezesha midomo, flashi ndiyo inaimba. Kwaya ya Sakina iliingia kwa mwendo wa kupendeza, vitenge vipya, viatu vinang'aa. Manase alisimama mbele yao, akapandisha mikono, akaishusha.

Midomo yote ikafunguka.

"Violet, funga mlango. Narekodi."

Kisha wimbo. Sauti moja, ya mwanamume, bila kinanda.

Kwa mazoea midomo iliendelea kwenda. Watu hai arobaini walifungua na kufumba vinywa, na kilichotoka kilikuwa sauti ya aliyekufa. Halafu mama mmoja wa sauti ya pili akapiga kelele: "Bwana Yesu! Ni Mwalimu Abdiel!" Akakaa chini palepale jukwaani.

Kanisa lilivurugika. Wengine waliinuka, wengine walishika vichwa. Mgeni rasmi alimwinamia mchungaji kuuliza kuna nini.

Violet alisimama. Hakuhitaji maiki.

"Mtunzi wa nyimbo hizi ndiye huyo mnayemsikia! Huyu mwenye koti amemwibia maiti! Na simu ya maiti anayo mpaka leo!"

"Aibu!" mtu alijibu kutoka nyuma. "Mvueni hilo koti!"

"Mwizi wa kanisani!"

Manase alibaki ameshusha mikono. Jasho lilimtoka siku ya baridi. Wanakwaya walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakamwacha peke yake kama mtu mwenye ugonjwa.

Kisasi kilikuwa kitamu, sitakudanganya msomaji. Violet alikionja mpaka kooni. Abdiel alikuwa anaimba, watu wanalia, jina lake linatajwa kila kona ya kanisa. Ndicho alichokitaka, na alikipata.

Wimbo ukaisha.

Sumari hakuzima. Naye alikuwa anafuta machozi. Kwenye spika kilisikika kiti kikisogea, na Abdiel akakohoa.

"Manase, ndugu yangu," alisema. "Huu ndio wa kwanza, nyingine nitakurekodia Mungu akinipa nguvu. Weka jina lako kama tulivyopatana. Zote ni zako. Ni kidogo sana kwa mtu aliyefungwa kwa ajili yangu."

Waliosimama wakaanza kuketi mmoja mmoja.

Kila mtu Sakina anaijua habari ya Manase na gari. Miaka ile, siku ya mvua kubwa, gari la kwaya lilimgonga mama mmoja kando ya barabara, likamuua, halikusimama. Manase alijipeleka polisi kesho yake, akasema ndiye aliyekuwa anaendesha. Alifungwa. Alipotoka, wengine hawakumpa mkono mpaka alipoanza kufundisha kwaya.

"Zima," alisema Manase.

"Violet nimeshindwa kumwambia," Abdiel aliendelea. "Kila nikitaka, namwona anavyoniangalia."

"Zima, Sumari! Zima!" Manase aliruka kutoka jukwaani. Hakukimbilia mlango. Alikimbilia mitambo, koti linapepea, akipita katikati ya watu waliokuwa wanamtukana sasa hivi. "Shemeji, mwambie azime! Nilikuomba! Si nilikuomba?"

Violet alitazama nyuma, na hapo ndipo alipomwona.

Safu ya tatu, kando ya dirisha, Mzee Lemayian alikuwa anainuka, fimbo mkononi. Aliyegongwa siku ile alikuwa mke wake. Kila Jumapili tangu msiba wa Abdiel, mzee huyu alikuwa anamshika Violet mkono mlangoni na kumwambia, pole mwanangu, mumeo alikuwa mtu safi.

"Sumari, zima!" Violet alipiga kelele.

Sumari alimtazama yeye, akamtazama Manase, asijue nani wa kumtii. Violet alikuwa ameshaanza kukimbia. Alijikwaa kwenye nyaya, akainuka, akafika upande mmoja wa meza, Manase akafika upande wa pili, na mikono yao yote miwili ikanyooka kuelekea kitufe kimoja.

Fimbo ya Mzee Lemayian ilitua juu ya mitambo kabla yao.

"Mwacheni amalize," alisema mzee.